Tuijue Nafsi Kabla ya Kumhukumu Mtu

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Neno hilo ni kweli, wala hapana wa kulipinga. Lakini nywele hizo, ziwe nyeusi au za mvi, ndefu au fupi, zote huota kwa kanuni moja. Vivyo hivyo akili za watu. Kila mmoja ana yake, lakini zote hufuata kanuni ambazo zaweza kuchunguzwa, kupimwa na kufundishwa. Maarifa ya kanuni hizo ndiyo yaitwayo elimu ya nafsi, au saikolojia.

Elimu hii si ramli, wala si ufundi wa kusoma mawazo ya mtu aliyenyamaza. Ilipata chumba chake cha kwanza cha majaribio mwaka 1879, katika mji wa Leipzig nchini Ujerumani, alipokifungua Bwana Wilhelm Wundt. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wamekuwa wakiuliza maswali ambayo kila mtu mzima amejiuliza siku moja: Kwa nini naogopa? Kwa nini nasahau? Kwa nini nikiwa peke yangu nawaza hivi, na nikiwa na wenzangu nawaza vile?

Ndugu msomaji, hwenda utasema kwamba maswali hayo ni ya watu wenye nafasi, wasiokuwa na shamba la kulima wala zamu ya kuwahi. Nataka kukuonyesha kwamba sivyo. Twende pamoja Nsemulwa, kata ya mji wa Mpanda katika Mkoa wa Katavi, tukae katika nyumba moja tu. Nyumba hiyo ni ya mfano. Simsemi mtu fulani. Lakini yatakayotukia humo yamepata kutukia katika mikoa yetu ya magharibi na ya kanda ya ziwa, na yameacha makaburi.

Mtoto wa miaka mitatu ameshikwa na homa. Usiku wa pili macho yanageuka, mikono na miguu inatikisika, povu linatoka kinywani. Jirani anasema ni degedege. Kabla ya alfajiri mtoto amekufa. Watu wanakusanyika, wanawake wanalia, wanaume wanakaa nje kuuzunguka moto. Siku ya nne mtu mmoja anasema kwa sauti ya chini kwamba bibi fulani, mjane anayeishi peke yake nyumba ya tatu, alipita pale jioni ile akamsifu mtoto. Siku ya saba watu kumi wanasema hivyo. Siku ya kumi na nne jina la bibi yule halitajwi tena bila ya kuongezwa neno. Siku ya ishirini, usiku, pana hodi mlangoni pake, na wanaobisha hawakuja kwa heri.

Watu hao si wanyama. Ni mafundi, wakulima wa mahindi na tumbaku, wachimbaji wa dhahabu, vijana wa bodaboda. Wengi wao walimwamkia bibi yule shikamoo kwa miaka mingi. Walifikaje hapo? Tuifuate njia waliyoipita hatua kwa hatua, na kila hatua itatufundisha kanuni moja ya nafsi ya binadamu.

MAPENZI NA MAJONZI

Hatua ya kwanza ni majonzi. Miaka ya 1954 na 1955 Bibi Mary Ainsworth, mtaalamu wa saikolojia, alikuwa nchini Uganda, akawa anawatembelea mama wa Kiganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Aliwafuata watoto wachanga wa nyumba ishirini na sita, akaangalia kwa miezi mingi jinsi mtoto anavyoshikamana na mamaye. Aliona kwamba mtoto humfanya mama kuwa kituo chake. Akiwa na mama karibu, hutambaa mbali, hugusa kila kitu, kisha hurudi kidogo kujihakikishia. Mama akitoka, mtoto hulia na uchunguzi wake wa dunia hukoma. Kitabu chake juu ya mambo hayo kilitoka mwaka 1967, na hata leo wanafunzi wa saikolojia duniani kote husoma yaliyoonekana kwanza katika nyumba za Buganda.

Mshikamano huo haukufungwa kwa upande mmoja. Mama naye amefungwa kwa mtoto, na baba vilevile. Kamba hiyo ikikatwa ghafla, mtu hapatwi na huzuni tu. Hupatwa na hasira pia, na hasira hiyo haina wa kuiangukia. Mfiwa hukosa usingizi, hujilaumu, hulaumu daktari, hulaumu mume au mke. Hii si dalili ya wazimu wala ya ubaya wa moyo. Ni kazi ya kawaida ya nafsi iliyojeruhiwa. Lakini hasira isiyokuwa na pa kutua ni kama moto katika nyasi za Oktoba. Upepo ukiusukuma upande wowote, utakwenda.

Twajua nini cha kufanya hapo. Mfiwa anahitaji kusikilizwa kuliko kuhubiriwa. Kumwambia baba aliyezika mwanawe, “Jikaze, wewe mwanamume,” ni kumfungia moshi ndani ya nyumba.

SWALI LA “KWA NINI MIMI?”

Hatua ya pili ni kutafuta sababu. Akili ya mtu haivumilii tukio kubwa lisilokuwa na sababu. Mtaalamu wa Kiingereza, E. E. Evans-Pritchard, aliyekaa na Wazande kusini mwa Sudan, aliandika mwaka 1937 juu ya ghala la nafaka lililoanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini chini yake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Hawakuwa wajinga wa jambo hilo. Swali lao lilikuwa jingine: Kwa nini ghala lianguke saa ile ile walipokuwa wamekaa watu wale wale? Mchwa waliwaeleza namna lilivyoanguka, lakini hawakuwaeleza kwa nini liliwaangukia wao. Uchawi ndio uliolijaza pengo hilo.

Ndugu zetu wa Nsemulwa wamo katika pengo hilo hilo. Degedege ni mtikisiko wa mwili ambao mara nyingi huletwa na homa kali kwa mtoto mdogo, na malaria iliyofika ubongoni ni miongoni mwa sababu zake za kutisha. Tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu, njia ya ugonjwa huo imekuwa ikijulikana. Lakini katika sehemu nyingi za nchi yetu watu wameamini tangu zamani kwamba degedege ni pepo ajaye kwa umbo la ndege, na wengine wamempeleka mtoto kwa mganga kwanza, hospitali baadaye, wakati umekwisha kupita.

Hata mzazi aliyesoma, anayejua habari za mbu, aweza kuuliza: Mbu wamewauma watoto wote wa mtaa huu, mbona amekufa wangu? Jibu la kweli ni gumu kulipokea. Mtoto mmoja ana nguvu zaidi kuliko mwingine. Mmoja alifikishwa zahanati siku ya kwanza, mwingine siku ya tatu. Tena katika mambo ya dunia mna bahati nasibu isiyokuwa na nia mbaya wala njema. Nafsi hailipendi jibu hilo. Hupenda jibu lenye uso na jina. Kanuni ya pili, basi, ni hii: mtu aliyeumia hutafuta mtendaji, na asipompata atamtengeneza.

HOFU HUFUNDISHWA

Kwa nini achaguliwe bibi yule? Hapa yatupasa kujua namna mtu anavyojifunza. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula tumboni, aliona kwamba mbwa wake walidondokwa na mate hata kabla ya kukiona chakula. Akafanya majaribio: kila mara kabla ya chakula mbwa alisikilizishwa mlio. Baada ya kurudia mara kadhaa, mlio peke yake ulitosha kumtoa mate. Vitu viwili vikija pamoja mara nyingi, mwili huvifunga pamoja bila ya kutuomba ruhusa. Mwenye kuuza vitafunio stesheni ya Mpanda aweza kuligundua jambo hili mwenyewe. Akisikia honi ya treni, mikono yake huanza kupanga bidhaa kabla hajafikiri.

Hofu nayo hufungwa hivyo hivyo. Mwaka 1920 nchini Marekani, John Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner walimchukua mtoto mchanga ambaye hakuwa na hofu ya panya mweupe. Kila alipomgusa panya, walipiga chuma kwa kishindo nyuma yake. Haukupita muda mrefu mtoto akawa analia akimwona panya tu, na hofu ile ikaenea kwa sungura na kwa vitu vingine vyenye manyoya. Jaribio hilo lilikuwa la kikatili, na leo halingeruhusiwa kamwe. Lakini twayafanya yayo hayo barazani kila siku. Bibi akipita, mama humvuta mtoto na kumwambia, “Nyamaza, ingia ndani.” Mtoto huyo hakuuona ubaya wowote wa bibi. Amejifunza tu kwamba bibi akipita, mkono wa mama hushtuka. Atakapokuwa kijana wa miaka ishirini, atasema kwa yakini kwamba moyo wake ulimjulisha tangu utotoni.

Bibi yule ana macho mekundu. Kwa miaka hamsini amepuliza moto wa kuni, na katika sehemu za wafugaji wapo waliopikia mavi ya ng’ombe makavu. Moshi hauna heshima na macho ya mtu, na maradhi ya macho yasiyotibiwa huongeza wekundu. Yeye ni mjane, hana mtoto wa kumtetea, na hwenda ana shamba linalotamaniwa na ndugu wa marehemu mumewe. Alama za umaskini na uzee zimegeuzwa kuwa alama za hatia. Tena, akichaguliwa asiyekuwa na mtetezi, hasira hupata njia nyepesi. Ndiyo sababu tuhuma hizi haziwaangukii watu wenye nguvu mara nyingi kama ziwaangukiavyo wajane.

KUMBUKUMBU SI PICHA

Hatua ya nne ni ushahidi. Siku ya nne alikuwapo shahidi mmoja. Siku ya saba kumi. Je, hao tisa walisema uongo? Si lazima. Hilo ndilo jambo la kutisha zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba kumbukumbu ni kama picha iliyowekwa sandukuni. Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha mwaka 1932 kwamba si hivyo. Aliwapa wasomaji wa Kiingereza ngano ya Wahindi Wekundu wa Amerika, akawataka waisimulie tena na tena. Kila waliposimulia, mambo yaliyokuwa mageni kwao yalianguka, na mengine yaliyofanana na desturi zao yaliingia. Mtu akikumbuka, hujenga upya. Na matofali hutoka katika yale aliyokwisha kuyaamini. Bartlett huyo huyo aliandika juu ya mchungaji mmoja wa Uswazi aliyeulizwa habari za ng’ombe walionunuliwa mwaka uliotangulia. Mchungaji akawataja mmoja mmoja, rangi yake, bei yake na aliyemwuza, akakosea mambo mawili madogo tu. Hakuwa na muujiza. Ng’ombe ndio maisha yake, na mtu hukumbuka vyema yale ambayo moyo wake umeyatilia maanani. Wafugaji wa Katavi hawatashangaa kusikia hayo.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, huko Marekani, waliwaonyesha watu filamu ya magari yaliyopata ajali. Wengine waliulizwa mwendo wa magari “yalipogongana,” wengine “yalipobamizana.” Waliosikia neno kali walitaja mwendo mkubwa zaidi. Baada ya juma moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja. Lakini kati ya watu hamsini walioulizwa kwa neno kali, kumi na sita walisema waliona; kati ya hamsini wa neno pole, walikuwa saba. Neno moja la muulizaji lilitia vioo katika macho ya watu.

Sasa rudi Nsemulwa. Mtu aulizaye, “Nani alipita hapa jioni ile?” atapata majibu mbalimbali. Mtu aulizaye, “Hukumwona bibi yule akipita dirishani?” amekwisha kulijenga jibu. Mpe jirani siku tatu za kuwaza, naye atamwona bibi dirishani kwa macho yake ya ndani, akiwa amevaa kanga anayoijua. Ataapa, wala hatadhani kwamba anakosea.

Kumbukumbu hujengwa na jamii pia. Mkoa wetu wa Katavi una ushahidi wake. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji nchini Burundi, wakapokewa nchini kwetu. Makazi ya Katumba na ya Mishamo yakaanzishwa kwa ajili yao katika miaka ya 1970. Mtafiti Liisa Malkki alikaa Mishamo katika miaka ya 1980, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1995. Aliona kwamba waliokaa pamoja makazini walikuwa wakisimulia historia ya mateso yao kama hadithi moja, yenye sehemu zile zile, ikirudiwa na wakubwa kwa wadogo. Wenzao waliokimbilia mjini Kigoma, waliotoka katika mateso yale yale, hawakuibeba habari hiyo kwa namna moja, maana waliishi katikati ya majirani wengine. Yale tunayoyarudia barazani huwa ndiyo tunayoyakumbuka. Baraza laweza kuhifadhi ukweli. Baraza laweza vilevile kuutengeneza uongo ukakaa.

WENGI WAKISEMA

Hatua ya tano ni kundi. Miaka ya 1950 Solomon Asch, huko Marekani, alifanya jaribio jepesi. Mtu mmoja aliketi na wenzake kadhaa, wakaonyeshwa mistari na kuulizwa upi unalingana na mwingine kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini wale wenzake walikuwa wamepangwa kwa siri watoe jibu la uongo, wote kwa sauti moja. Katika kila majibu matatu ya mtu yule, karibu moja lilifuata uongo wa wengi. Na karibu robo tatu ya waliojaribiwa walikubali uongo japo mara moja. Hao hawakutishwa kwa rungu wala kuahidiwa fedha. Waliogopa tu kuwa peke yao.

Asch aliongeza jambo moja ambalo nakusihi, ndugu msomaji, ulishike kuliko yote. Alipomweka mtu mmoja tu wa pili aliyesema kweli, utumwa ule wa wengi ulivunjika kwa sehemu kubwa. Sauti moja ya kweli ilitosha kumrudishia mwenzake macho yake.

Nchi yetu ina kisa chake cha nguvu ya kundi, na kimeandikwa katika vitabu vya dunia nzima. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, mkoani Kagera, walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kicheko hicho hakikuwa cha furaha. Kilichanganyika na kilio na wasiwasi. Kikaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Wengine kiliwashika kwa saa chache, wengine kwa siku kumi na sita. Walimu hawakupatwa. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi, ikafunguliwa tarehe 21 Mei, ikafungwa tena mwezi Juni. Wasichana waliorudi makwao waliondoka nacho. Huko Nshamba watu 217 walishikwa, wengi wao vijana.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, hawakuona sumu wala kijidudu cha kulaumiwa, na hakuna aliyekufa. Walieleza kwamba nafsi zilizosongwa na wasiwasi huweza kuambukizana, kama moto upitavyo katika majani makavu. Wasichana wale hawakuwa waongo, wala hawakuingiwa na pepo. Mwili wao ulisema lile ambalo ulimi haukupata ruhusa ya kulisema. Ikiwa kicheko chaweza kuruka kutoka mtu hadi mtu mpaka shule ikafungwa, je, hofu na chuki?

Lipo la mwisho juu ya kundi. Usiku ule wa hodi, majirani wengi watasikia kelele. Mbona hawatoki? Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walifanya jaribio mjini New York. Mwanafunzi alisikia kwa chombo cha sauti mwenzake wa chumba kingine akishikwa na kifafa na kuomba msaada. Waliodhani kwamba ni wao peke yao wanaosikia, 85 katika kila mia walikimbilia kusaidia. Waliodhani wapo wengine wanne wanaosikia, walikuwa 31 tu katika kila mia. Waliokaa hawakuwa na moyo wa jiwe, walikuwa wakitetemeka. Kila mmoja aliwaachia wengine mzigo, na wengine wakamwachia yeye. Mzigo wa wote ukawa si wa mtu.

SI UGONJWA WA MWAFRIKA

Wapo watakaosoma hadi hapa wakasema: Hayo ndiyo yaliyokuwa yakisemwa na wakoloni, kwamba akili yetu ina kasoro. Ni haki kulijibu neno hilo, maana elimu hii hii ilitumiwa kutudhalilisha. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953 kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, akidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sana sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata akaiandikia Serikali ya Kenya juu ya Mau Mau, akageuza madai ya ardhi na uhuru kuwa maradhi ya nafsi. Hapo daktari alifanya kosa lile lile la watu wa siku ya ishirini: alikuwa na hukumu mkononi kabla ya kuuliza swali.

Ukweli ni kinyume cha madai yake. Majaribio ya watu niliyoyaeleza yalifanywa kwa Waingereza na Wamarekani, na yameonyesha udhaifu ule ule. Huko Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, watu wapatao 40,000 au 50,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na mahakimu waliowahukumu walikuwa watu waliosoma. Ubongo wao haukubadilika tangu hapo. Kilichobadilika ni namna ya kupokea ushahidi, na ujuzi wa sababu za maradhi. Yaliyowezekana kwao kwa karne mbili, kwetu yaweza kuwezekana kwa muda mfupi zaidi, maana maarifa yako tayari.

BASI TUFANYE NINI?

Sikusudii leo kushindana na imani ya mtu. Anayeamini na asiyeamini, wote wana shingo moja mbele ya sheria, na bibi wa nyumba ya tatu ana moja pia. Ninaloomba ni kila hatua katika zile tulizozifuata iwekewe kizuizi chake.

Pakiwa na msiba, mfiwa asikilizwe, asiachwe peke yake na wenye kunong’ona. Mtoto akishikwa na degedege, afikishwe zahanati usiku ule ule, maana kila mtoto anayepona ni tuhuma moja iliyokosa mahali pa kuanzia. Mtu akitaja jina, aulizwe mbele ya watu: Uliona mwenyewe, au umeambiwa? Lini? Nani alikuuliza kwanza, na kwa maneno gani? Watoto wafundishwe kumwamkia bibi yule, na ikiwezekana wampelekee maji. Mkono uliozoea kupokea shukrani hautazoea kushika rungu. Na mwenye macho mekundu apelekwe kwa mganga wa macho.

Pakiwa na kelele usiku, usipige yowe kwa hewa tu. Ita watu kwa majina: Fulani, toka, fulani, mwamshe mwenyekiti wa mtaa, fulani, piga simu polisi. Mzigo ukipewa jina, hupata mbebaji.

Zaidi ya hayo yote, katika kila baraza na apatikane mtu mmoja wa kusema, “Mimi sijaona ushahidi.” Hatakuwa na haja ya kupiga kelele wala kutukana. Tumeona kwamba sauti moja hutosha kumfungua aliyekuwa akifikiri vivyo hivyo kimya kimya, na kwa kawaida yumo. Ameketi pembeni, anaangalia miguu yake, anangoja mwenzake aanze.

Siku ya nne, katika nyumba ile ya Nsemulwa, jina lilitajwa na mtu mmoja kwa sauti ya chini. Hapo ndipo ilipokuwa rahisi kuliko siku zote kulijibu.